Umeme Uliotiwa Chupani

Siku hizi mkulima wa skimu ana mashine ambazo baba yake hakuwa nazo. Huyu ana mota ya kukatia nyasi za ng'ombe, yule ana pampu ya kuvuta maji kisimani, na mwingine amezungushia shamba lake ua wa stima ili ng'ombe wasitoke na wanyama wa msituni wasiingie. Ukiitazama mota yako vizuri, mara nyingi utaona mgongoni mwake kikopo cha mviringo chenye waya mbili. Ndani ya kisanduku cha ua pia mna kikopo cha namna hiyo. Fundi hukiita kapasita. Kazi yake ni kuweka umeme kwa muda na kuutoa kwa mara moja.

Kikopo hicho kina hatari ambayo watu wengi hawaijui. Mtu aweza kung'oa plagi ukutani, akawaambia watoto kwamba stima imekatwa, akafungua kifuniko, akashika zile waya mbili, akatupwa chini. Atashangaa sana, maana plagi ameiona kwa macho yake mwenyewe imelala sakafuni. Ili ajue ni kitu gani kilichompiga, hana budi kusikia habari ya chupa moja ya maji katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, ambayo karibu mwaka 1746 ilimpiga mwalimu mkuu wa sayansi hata akadhani amekwisha.

Kaharabu na mpira wa kioo

Tangu zamani watu walijua ya kuwa vitu vingine vikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Wayunani waliliona jambo hili katika kaharabu, yaani ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ambao hutengenezwa shanga na tasbihi. Kaharabu kwa Kiyunani huitwa elektron, na kutoka neno hilo Wazungu walipata jina lao la umeme. Waarabu nao huuita umeme kahraba kwa sababu hiyo hiyo. Basi mtu wa Lamu avaaye shanga ya kaharabu amevaa jina la stima shingoni mwake.

Waweza kujaribu leo jioni. Chukua kichana cha plastiki, ukisugue kwa nywele kavu au kwa sweta ya sufu, kisha ukisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vipande vitaruka na kukishika kichana. Katika majira ya mvua huenda visiruke, kwa kuwa unyevu hushika juu ya kichana na kuuondoa umeme kabla hujautumia.

Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg katika Ujerumani, alitengeneza mpira wa salfa, akauzungusha huku akiusugua kwa mkono mkavu. Habari zake alizichapisha mwaka 1672. Baadaye, karibu mwaka 1705, Francis Hauksbee wa London akatumia mpira wa kioo, na mashine za namna hiyo zikaenea. Mwaka 1729 Mwingereza mwingine, Stephen Gray, alionyesha kwamba umeme waweza kusafiri kwenye uzi mrefu au waya, lakini hariri huuzuia usipite.

Haya yote yalikuwa maarifa mazuri, lakini watu hawa walikuwa kama mtu anayeteka maji kwa viganja. Ukiacha kuzungusha mpira, umeme umekwisha. Mto walikuwa nao, mtungi hawakuwa nao.

Mkono wa mgeni

Kwa kuwa wengi walidhani umeme ni kitu kinachotiririka kama maji, haikuwa ajabu wakafikiri kuutia chupani. Wa kwanza alikuwa Ewald Georg von Kleist, mkuu wa kanisa katika mji wa Cammin, ambao siku hizi uko katika nchi ya Poland. Mwezi wa Oktoba 1745 alitia msumari ndani ya chupa ndogo ya dawa, akaushikisha msumari ule kwenye mashine ya kusugua. Alipougusa kwa mkono wake wa pili, alipata pigo katika mkono na bega. Aliwaandikia wataalamu wengine, nao walipojaribu hawakuona kitu. Sababu ni kwamba hakuwaeleza wazi jambo moja: chupa yenyewe ilikuwa mkononi mwake.

Katika Leiden, Profesa Pieter van Musschenbroek alikuwa akijaribu jambo lile lile bila kujua habari za Kleist. Alitundika bomba la chuma kwa kamba za hariri, akalitia umeme wa mpira wa kioo, na kutoka kwenye bomba akateremsha waya ndani ya chupa ya maji. Kwa desturi ya wataalamu wa siku zile, chupa ilipaswa kuwekwa juu ya kitu kisichopitisha umeme, ili umeme usitoroke kwenda ardhini. Jambo hilo lilionekana kuwa akili tupu. Lakini kulikuwa na mwanasheria mmoja, Andreas Cunaeus, aliyependa kuja kutazama majaribio hayo. Naye alipojaribu peke yake hakuijua desturi, akaishika chupa mkononi tu. Alipougusa waya kwa mkono wa pili, akapigwa pigo ambalo hakuna mtu katika jengo lile aliyewahi kulisikia.

Profesa alirudia mwenyewe. Mwezi wa Januari 1746 alimwandikia mwenzake Réaumur wa Paris akasema kwamba mwili wake wote ulitikiswa, na kwamba hatalirudia jambo hilo hata akipewa ufalme wote wa Ufaransa. Mtaalamu wa Ufaransa, Jean-Antoine Nollet, ndiye aliyekipa chombo hicho jina la chupa ya Leiden. Kisha akawapanga askari 180 wa Mfalme Louis XV wameshikana mikono, wa kwanza ameshika chupa, na wa mwisho akagusa waya. Wote wakaruka kwa pamoja kama watu waliopewa amri. Mfalme alifurahi sana. Sijui kama askari walifurahi.

Kwa nini mkono ulihitajiwa

Hapa ndipo penye kiini cha habari, nami naomba msomaji asipite haraka.

Kuna chaji za umeme za namna mbili, ambazo tunaziita chaji chanya na chaji hasi. Zilizo za namna moja husukumana. Zilizo tofauti huvutana. Ukijaza chaji hasi ndani ya chupa iliyo peke yake juu ya meza kavu, zile za kwanza zitawasukuma wenzao wanaokuja, na baada ya muda mfupi hazitaki tena kuongezwa. Lakini mkono ukiishika chupa kwa nje, chaji hasi zilizo ndani huzisukuma chaji hasi za mkononi zikimbilie ardhini kupitia miguu, na nje ya kioo hubaki chaji chanya. Sasa zile za ndani zimepata za kuwavuta. Zinasongamana karibu na kioo, na nafasi ya kuingiza nyingine inapatikana. Kioo kinazizuia zisikutane. Zinatazamana tu, kama mafahali wawili waliotenganishwa na lango.

Ukiwapa njia, kwa mfano ukigusa waya kwa mkono wa pili huku wa kwanza umeshika chupa, lango limefunguka. Chaji zote hupita kifuani mwako kwa mara moja.

Kwa hiyo maji ya chupani hayakuwa na maana yo yote ila kuwa kitu cha ndani kinachopitisha umeme, na mkono ulikuwa kitu cha nje. Wataalamu wa London, John Bevis na William Watson, walipolifahamu hilo waliondoa maji na mkono, wakabandika karatasi nyembamba za madini ndani na nje ya kioo. Chombo kikawa na nguvu zaidi. Mambo matatu huongeza kiasi cha chaji kinachowekwa: upana wa bati, wembamba wa kile kinachozitenga, na namna ya kitu hicho, kwa maana kioo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko hewa.

Benjamin Franklin wa Philadelphia, Marekani, alitaka kujua umeme unakaa mahali gani hasa. Alimimina maji ya chupa iliyojazwa umeme katika chupa nyingine, akajaribu: hakuna kitu. Akatia maji mapya katika ile ya kwanza: pigo likatoka kama kawaida. Akaona ya kuwa nguvu haikuwa katika maji, bali katika kioo. Kisha akapanga vioo vya dirisha kumi na kimoja, kila kimoja na bati zake za risasi, akaviunga pamoja na kuviita betri, jina lililokuwa la kundi la mizinga.

Franklin alipenda pia kutumia maarifa yake jikoni. Aliona kwamba kuku akiuawa kwa umeme nyama yake huwa laini. Siku mbili kabla ya Krismasi ya mwaka 1750 alikuwa tayari kumuua bata mzinga kwa umeme wa chupa mbili kubwa, watu wakiwa wamekusanyika na kuzungumza. Akashika waya kwa mkono mmoja, na wa pili ukagusa mnyororo wa nje. Waliokuwapo walisema waliona mwanga mkubwa na kusikia mlio kama wa bastola, lakini yeye hakuona wala kusikia. Alipozinduka, mikono na shingo vilikuwa vimekufa ganzi, na kifua kilimwuma siku kadhaa. Huyu ndiye aliyekuwa amemzidi kila mtu wa wakati wake kwa kuifahamu chupa ile.

Wingu ni bati, ardhi ni bati

Mwezi wa Juni 1752 Franklin alirusha tiara wakati wa mawingu ya radi, na umeme ulioteremka kwenye kamba aliujaza katika chupa ya Leiden. Kwa njia hiyo ilijulikana kuwa radi na cheche ya mpira wa kioo ni kitu kimoja. Usijaribu jambo hilo. Mwaka uliofuata, 1753, Profesa Georg Wilhelm Richmann aliuawa na radi katika mji wa Saint Petersburg, Urusi, akisimama karibu na chuma chake cha kupimia.

Radi ni chupa ya Leiden iliyopasuka. Sehemu ya chini ya wingu ni bati moja, ambalo mara nyingi lina chaji hasi. Ardhi iliyo chini yake ni bati la pili. Hewa ndiyo kioo. Chaji zikizidi, hewa hushindwa, na chaji hupita.

Mkulima wa Kisii au Kakamega hana haja ya kuambiwa na karani kwamba radi huua ng'ombe. Lakini huenda hajaelezwa kwa nini ng'ombe kadhaa hufa pamoja chini ya mti mmoja, na mchungaji akapona. Umeme ukifika mzizini hutawanyika udongoni, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, basi mguu mmoja umekanyaga penye nguvu nyingi na mwingine penye nguvu chache, na umeme huona ni njia fupi kupita mwilini, ambamo moyo uko katikati. Mtu aliyesimama miguu pamoja hapewi tofauti kubwa kama hiyo. Kwa hiyo mawingu yakianza kunguruma, waondoe ng'ombe chini ya mti ulio peke yake na karibu na ua wa waya. Wewe mwenyewe ukikosa nyumba ya kuingia, chutama huku miguu imekaribiana, wala usilale chini.

Chupa si betri ya tochi

Watu huchanganya vitu hivi viwili, na jina la Franklin limezidisha machafuko. Betri tunayoijua leo ilitoka kwa Mwitalia Alessandro Volta mwaka 1800. Alipanga vipande vya fedha na zinki na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Ndani ya betri umeme unatengenezwa pole pole na dawa, saa hata saa. Betri ni ghala la mahindi: unachota kibaba kila siku. Kapasita ni bwawa lenye lango pana: hujazwa kwa bomba dogo, lakini ukifungua lango maji yote yamekwenda. Ghala halina mafuriko.

Kipimo cha kapasita huitwa faradi, kwa heshima ya Michael Faraday, Mwingereza aliyechunguza mambo haya katika miaka ya 1830. Faradi moja ni kubwa mno, kwa hiyo kwenye vikopo utaona tarakimu na alama µF, maana yake sehemu ya milioni moja ya faradi. Chupa ya Leiden ya kadiri ya nusu lita ina kama sehemu moja ya elfu ya kipimo hicho kidogo. Kikopo cha mota kilichoandikwa 100 µF basi kina nafasi ya chupa laki moja za Profesa Musschenbroek. Ni kweli kwamba chupa zile zilisukumwa kwa volti maelfu na mota hutumia 240, hata hivyo ni mzigo mkubwa kuwa ndani ya kitu cha kushikwa kwa kiganja. Siri yake ni kwamba bati mbili ndefu nyembamba na utando wa kuzitenga vimeviringishwa pamoja kama mkeka.

Umeme uo huo umo katika redio. Ulipokuwa ukizungusha kifundo cha redio ya zamani kutafuta stesheni, ulikuwa ukisogeza bati za kapasita ziingiliane zaidi au ziachane.

Mota ya kukatia nyasi

Stima ya nyumbani ya waya mbili husukuma mbele na nyuma tu, haizungushi. Mota ikisimama haijui iende upande gani. Kapasita huupa umeme wa waya za pili ndani ya mota wakati ulio tofauti kidogo na ule wa waya za kwanza, na misukumo hiyo miwili ikifuatana, mota huanza kuzunguka. Kapasita ikifa, mota hunguruma wala haiendi, na baada ya muda hupata moto.

Hapa watu hufanya kosa baya sana. Husukuma gurudumu kwa mkono ili lianze. Litaanza kweli, kwa kuwa mota haihitaji ila msukumo wa kwanza, lakini visu vya kukatia nyasi viko hapo hapo, navyo havingoji utoe vidole. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja, ng'oa plagi, uite fundi.

Nawe usifungue kifuniko cha kikopo eti kwa sababu plagi imetoka. Kapasita nyingine zina kijiti cha ndani kinachomaliza chaji zenyewe, nyingine hazina, na kijiti hicho chenyewe huweza kuharibika. Huwezi kujua kwa macho. Kikopo kilichojaa hakina joto, hakina mlio, hakina harufu. Fundi aliyefundishwa humaliza chaji kwa rezista yenye mpini usiopitisha umeme, halafu hupima volti kabla ya kugusa. Fundi anayegusisha bisibisi kwenye ncha zote mbili na kutoa cheche mbele ya watoto aweza kuharibu kikopo au kuunguza macho yake, tena anawafundisha watoto mchezo. Kikopo kipya kiwe na µF sawa na cha kwanza, na volti zake zisipungue zile zilizoandikwa kwenye cha kwanza.

Ua wa stima

Wakulima wanaopakana na msitu wa Aberdare wanaufahamu ua wa kuzuia tembo, ulioanza kujengwa mwaka 1989 ukamalizika mwaka 2009, wenye urefu wa kilomita kama 400. Ua wa shamba dogo hutumia njia ile ile. Betri, ambayo pengine hujazwa na sola, hujaza kapasita ndani ya kisanduku. Mara moja kwa sekunde moja hivi kapasita hufunguliwa, nayo hutupa chaji zake katika transfoma inayozipandisha kufikia volti elfu kadhaa, na pigo hukimbia kwenye waya.

Volti elfu kadhaa hutisha, lakini kiasi cha nguvu ni kidogo. Kisanduku cha juli moja hutoa katika kila pigo nguvu ya kuinua pakiti ya sukari ya kilo moja kwa sentimita 10 tu. Kwa kuwa inatoka katika muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ng'ombe huiona kama fimbo. Kisha kuna kimya cha sekunde nzima, na katika kimya hicho mnyama hupata nafasi ya kuondoka. Stima ya nyumbani haina kimya kinachotosha. Huikaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuuachia waya. Ndiyo sababu waya wa ua usiunganishwe kamwe na stima ya nyumbani bila kisanduku chake, hata kwa usiku mmoja wa kuzuia wezi. Anayefanya hivyo ametega mtego wa kuua, na anayekuja kwanza asubuhi kwenye ua ni mtoto wa nyumba.

Ua ukipoteza nguvu, usianze kwa kumlaumu aliyekuuzia kisanduku. Tembea kando ya waya uone kama nyasi mbichi au matawi yameugusa, maana kila jani ni njia ya kwenda ardhini. Kisha tazama vyuma vilivyopigwa ardhini karibu na kisanduku. Pigo hutoka kwenye waya, hupita kwa ng'ombe, hushuka kwato, na hurudi kisandukuni kwa njia ya udongo na vyuma vile. Wakati wa kiangazi udongo hukauka na njia hiyo hukatika, ng'ombe akaegemea waya bila kusikia kitu. Vipige vyuma mahali penye unyevu, vizame sana, viwe zaidi ya kimoja na viungwe kwa waya mmoja. Na katika miezi ya ukame mwagia debe la maji penye kila kimoja.